Alama ya penseli ukutani

Dada yangu uliyefanyiwa upasuaji wa titi, daktari akisharuhusu mazoezi, simama ukitazama ukuta. Weka vidole vya mkono wa upande uliopasuliwa, uvipandishe taratibu kama buibui, ukomee pale panapovuta kabla hapajauma. Hapo chora mstari kwa penseli, andika na tarehe.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa chini ya bega. Nililia. Leo naanika kanga kambani bila kuomba msaada, na ukuta ule sitaki upakwe rangi.

Mkono ukihisi mzito, au pete na bangili zikianza kubana, usingoje tarehe ya kliniki. Huenda ni maji ya limfu, yaani majimaji ya mwili yaliyokwama mkononi, na yakiwahiwa mapema hudhibitika vizuri zaidi.