SOMO: Kupalia wali wa nazi

Kila nikiweka picha ya wali maswali ni yale yale: kupalia ndiyo nini, mbona wangu chini umeungua na juu una kiini? Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko, wali ukishakauka maji, uive kwa moto wa juu na wa chini. Kuongeza mkaa jikoni siyo kupalia.

1. Mchele vikombe 2. Chagua, osha.

2. Nazi 1 kubwa, ikune. Kamua tui zito, liweke kando. Ongeza maji, kamua la pili. Yote pamoja yafike vikombe 3 na nusu. Mchele mpya hautaki maji mengi, punguza.

3. Chemsha tui la pili na chumvi, tia mchele.

4. Ukikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza mara moja, funika.

5. Sasa palia, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Subiri maji yakauke kabisa na vishimo vya mvuke vionekane juu ya wali. Ukipalia tui lingali linaogelea, utakula bokoboko lenye ukoko mweusi. Kisha hamisha makaa: mengi yapande juu, chini yabaki machache tu. Yawe yameshika vizuri na kuanza kuvaa majivu, maana mkaa uliowaka nusu hutoa moshi na wali unaubeba wote. Mfuniko uwe wa bati au alumini, wenye ukingo ili makaa yasiporomoke. Wa kioo hapana, utapasuka. Wenye kishikio cha plastiki hapana. Na jiko likae uani: hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na huisikii harufu yake.

6. Dakika 15 hadi 20. Ondoa makaa na ufute majivu KABLA ya kufunua.

MASWALI

Mgeni Jikoni: Kwa hiyo naweka makaa chini mengi?
— Rudi namba 5.

Mgeni Jikoni: Nimesoma haraka, samahani. Kupalia si kulima magugu lakini?
— Shambani, ndiyo. Hapa tuko jikoni.

Baba Wawili: Mimi natumia gesi, ghorofani. Mkaa marufuku.
— Moto mdogo kabisa, na chuma cha chapati chini ya sufuria ili moto usipige sehemu moja. Kama una oveni, ingiza sufuria ya chuma na mfuniko wake, nyuzi 150, dakika 20. Harufu ya mkaa hutaipata, ila wali utachambuka.

Mpenda Ukoko: Dada, mkate wa mchele nao unapaliwa hivi hivi?
— Swali zuri. Unapaliwa, ila huo haungoji kukauka. Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina uji wake uliokwisha kuumuka, acha pembeni paanze kushika, ndipo upalie, juu moto mkali kuliko wa wali. Juu kukipiga wekundu, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Mpenda Ukoko: Asante dada. Na ukoko wa wali usitupwe jamani, umwagie mchuzi wa samaki.
— Huo kwangu haufiki mezani.

Mgeni Jikoni: Mfuniko wangu ni wa kioo ila mnene, hauwezi kuhimili?
— Hauwezi.