Asidi ya traneksamiki katika thieta (chumba cha upasuaji): dozi, mwendo na mahali pa kuiweka

Dawa hii haigandishi damu. Inalinda donge ambalo mwili umeshalitengeneza, lisiyeyuke mapema. Mshipa uliokatika unabaki kuwa kazi ya daktari mpasuaji. Akingoja dawa imfungie, mgonjwa ataendelea kumwaga damu.

Kwa mtu mzima anayebadilishwa nyonga, dozi ya kawaida ni gramu 1 kabla ngozi haijachanwa. Ampuli nyingi zina miligramu 500 katika mililita 5, kwa hiyo utavunja mbili, lakini soma lebo kwanza. Choma kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, mililita 1 kila dakika, au itie kwenye salaini ya mililita 100 iingie kwa muda huohuo. Ukiisukuma haraka, presha inashuka na aliye macho anaanza kichefuchefu. Isipite kwenye laini ya damu, wala isichanganywe na penisilini. Gramu 1 nyingine hutolewa upasuaji unapoisha. Utafiti wa POISE-3 wa 2022, wa wagonjwa wa upasuaji usio wa moyo, ulifuata mpango huo: waliovuja damu kwa hatari walikuwa asilimia 9.1, dhidi ya 11.7 kwa waliopewa dawa bandia.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, apewe gramu 1 ndani ya saa 3. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, rudia. Usingoje dawa nyingine zishindwe kwanza: kila dakika 15 zinazopotea hupunguza faida kwa takriban asilimia 10.

Usimpe mwenye donge la damu mguuni au kwenye mapafu kwa sasa, wala mwenye historia ya degedege. Anayekojoa damu itokayo kwenye figo anaweza kuzibwa njia ya mkojo na madonge. Figo zikiwa dhaifu, punguza dozi kufuatana na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), maana dawa hutoka kwa mkojo, na ikirundikana huleta degedege.

Kosa baya kuliko yote ni kuichoma mgongoni. Ampuli yake inafanana sana na ya bupivakaini, dawa ya ganzi inayochomwa mgongoni, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2022. Karibu nusu ya wanaochomwa hivyo hufa. Dalili yake haifichiki: ganzi haishiki, mgonjwa analia mgongo na makalio vinawaka, miguu inaanza kurukaruka, kisha degedege na mapigo ya moyo yanavurugika. Ukiona hivyo, usirudie ganzi. Okota ampuli tupu usome jina, ita msaada, dhibiti degedege, mpe nusu kaputi kwa mashine ya kupumulia, kisha mpeleke wodi ya wagonjwa mahututi.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Traneksamiki isikae kabisa kwenye toroli ya dawa za usingizi. Iwe kabati tofauti, na ivutwe kwenye sirinji baada tu ya sindano ya mgongo kumalizika. Anayevuta asome jina kwa sauti, mwenzake aangalie, na sirinji ibandikwe lebo papo hapo.