SOMO: Betri na inveta ya kubeba, namna ya kuitumia bila kuunguza nyumba

Nina spana namba 10 yenye pengo ubavuni. Iliteleza mkononi ikagusa vichwa vyote viwili vya betri, kufumba na kufumbua chuma kikaliwa. Kwa hiyo mtu akiniambia volti 12 haina madhara, namwonyesha spana hiyo. Shoti haikupigi, ni kweli. Inaunguza.

Mfano wetu ni betri ya jeli ya volti 12, Ah 50 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), na inveta ya wati 500, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa ukutani.

Hatua ya 1: Piga hesabu. 12 mara 50 ni wati-saa 600. Betri ya jeli usiikamue zaidi ya nusu, zinabaki 300, na inveta ikishakula zake unabaki na kama 250. TV ya wati 50 na taa za wati 20 zitakwenda saa tatu na nusu hivi.

Hatua ya 2: Waya na fyuzi. Hapa ndipo nyumba zinapoungulia. Wati 500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 40, na ukijumlisha kinachopotea zinakaribia 50. Waya wa taa hauwezi mzigo huo. Chukua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, usizidi mita moja. Fyuzi ya ampea 60 iwe kwenye waya wa chanya, jirani kabisa na betri. Wengi huiweka upande wa inveta. Waya ukichubuka katikati ukagusa hasi, fyuzi ya huko mwisho haitakatika, na waya utawaka wote.

Hatua ya 3: Kufunga. Vua pete na saa. Inveta ikiwa imezimwa, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Wakati wa kufungua anza na hasi. Kaza nati mpaka waya usicheze. Baada ya dakika kumi za kazi, zima, kisha sikilizia viungo kwa mgongo wa mkono: chenye moto kimelegea.

Hatua ya 4: Inveta usiifunike nguo. Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo ichajie penye hewa, mbali na kibatari na jiko la mkaa.

MASWALI

Fundi, shikamoo. Nina kibanda cha kunyolea. Mashine kwenye inveta inaunguruma na kupata moto, kwenye umeme wa kawaida iko shwari.

Marahaba, mdogo wangu. Inveta yako inatoa umeme wa wimbi la ngazi ngazi, si laini kama wa ukutani. Mashine zenye koili haziipendi. Tafuta ya wimbi safi, au mashine ya kuchaji.

Kaka, nikitengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili nikachomeka mmoja kwenye inveta na mwingine ukutani, si nyumba nzima itapata umeme?

Usifanye, nakuomba. Ukichomoa upande mmoja, vile vyuma vilivyo wazi mkononi mwako vina volti 230. Umeme wako unaweza kutoka hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyepanda juu. Na wa laini ukirudi, inveta inakufa. Mwite fundi akufungie swichi ya kubadilishia.

Inveta yangu inalia pii pii TV ikiwa bado inawaka. Mbovu?

Hapana, dada. Betri imeshuka, inakuonya. Zima, chaji usiku huohuo. Betri ya jeli ikilala tupu siku kadhaa hairudi ilivyokuwa.