Somo: Kurekebisha nyumba ya zamani ya kukodisha Nairobi, maji na stima kabla ya taili

Wadau habari zenu. Nimeona watu wengi wakinunua ploti za zamani (majengo ya nyumba za kukodisha) Umoja, Kayole, Zimmerman, Kahawa West, alafu kitu cha kwanza wanakimbilia ni taili za kung'aa na silingi ya gipsamu. Mpangaji anaingia na furaha, baada ya miezi michache anafunganya. Anahama kwa sababu bomba ni kavu, ukuta wa chumba cha mtoto una ukungu na stima inaruka kila akiwasha kitu. Nyumba ikikaa tupu ndo pesa yako inaliwa, kwa hivyo rekebisha kwanza kile kinachomfukuza mpangaji, urembo ufuate nyuma.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujatoa hata shilingi

Kama unaweza enda wakati wa mvua, zile za Machi hadi Mei zinakuonyesha kila kitu muuzaji alichofunika na rangi mpya. Panda mpaka juu kwa slabu uone maji yanatuama wapi. Fungua bomba zote kwa wakati mmoja, flashi choo, angalia kama maji machafu yanarudi kwa bafu ya nyumba ya chini. Alafu uliza mama mboga wa hapo getini maji huja siku gani, huyo hana komisheni ya kulinda.

Pande za Embakasi kuna ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, ukiona nyufa zimekata ukuta kwa mshazari kutoka kona ya dirisha na kidole kinaingia, ita injinia, hiyo si kazi ya plasta. Paa za asbesto pia ziko kwa nyumba nyingi za zamani, usiruhusu fundi azivunje na nyundo, vumbi lake ni sumu ya mapafu na kuzitoa kunafuata masharti ya NEMA, wale wa mazingira.

Kwa makaratasi, fanya sachi ya taito (uone hati ya ardhi ni ya nani) kwa Ardhisasa, mtandao wa serikali wa ardhi, na uulize deni la reti, ile ada ya ardhi ya kaunti. Ploti nyingi za Nairobi ni lisi, yaani ardhi ya kukodi kwa miaka fulani, angalia miaka iliyobaki. Na usisahau ushuru wa stampu ni asilimia 4 ya thamani mjini, hiyo ni ya mnunuzi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa kodi, si kwa macho

Tuseme nyumba ya chumba kimoja inalipa 14,000 kwa mwezi na ukiirekebisha italipa 17,000. Nyongeza ni 3,000. Ukiweka 150,000 hapo, nyongeza peke yake itarudisha hiyo pesa kwa miezi 50, yaani miaka minne na kitu, na bado hujahesabu miezi nyumba ilikaa tupu fundi akifanya kazi. Lakini kama ilikuwa inakaa tupu miezi mitatu kila mwaka juu ya shida ya maji, ukiziba hilo tu umeokoa 42,000 kwa mwaka bila kuongeza kodi hata bob. Hapo ndo faida imelala na watu wanaipita tu.

Hatua ya 3: Maji, stima, unyevu

Maji kwanza. Nairobi maji ni ya mgao, kwa hivyo tangi lako lihesabu siku ambazo maji hayaji. Nyumba 8, kila moja lita 150 kwa siku, siku tatu bila maji ni lita 3,600, chukua tangi la 5,000. Sasa sikiza hapa: tangi hilo likijaa lina tani 5, usiliweke juu ya slabu ya zamani bila injinia kukuambia mahali nguzo ziko. Bora uweke kubwa chini na pampu, juu uweke dogo. Zile paipu za chuma zilizooza ndani toa zote uweke PPR, zile za plastiki ngumu, na fundi apime presha kabla hajafunga ukuta, usikubali akuambie tutaona baadaye.

Stima. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 21, waya wa soketi wa 2.5 (milimita za mraba) hautoshi, inataka waya wake peke yake kutoka kwa bodi na breka yake, na eathi (waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini) iwe inafanya kazi kweli. Watu wanakufa bafuni kwa hii kitu jamani. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, akukatie bei ya juu kidogo, lipa.

Unyevu nao usiupake rangi. Tafuta maji yanatoka wapi, ziba, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, ndo upige plasta. Bafu ikishawekwa ile dawa ya kuzuia maji, ziba mtaro, jaza maji, acha mpaka kesho yake saa kama hiyo, alafu uende nyumba ya chini uangalie silingi. Taili zinakuja baada ya hapo tu.

Hatua ya 4: Urembo

Rangi ya kuoshwa, taili zisizoteleza bafuni, kitasa kizuri, kabati la jikoni. Basi.

Hatua ya 5: Mpangaji na KRA (watu wa ushuru)

Piga picha za kila chumba kabla hajaingia, zishikanishwe na mkataba, ugomvi wa dipoziti unaisha hapo. Ushuru wa kodi za makazi tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama, kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Nyumba nne za 17,000 ni 68,000 kwa mwezi, ushuru ni 5,100, unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

MASWALI

Swali (Kasarani): Mkuu, mimi nina ile moja tu inalipa 17,000, na mimi nalipa?

Jibu: Kwa mwaka ni 204,000, haijafika 288,000, kwa hivyo huo wa asilimia 7.5 haukuhusu. Ukiongeza nyumba ya pili jumlisha zote.

Swali (Pipeline): Nataka kuongeza ghorofa moja juu, fundi anasema nguzo ziko sawa.

Jibu: Ndugu, fundi hawezi kuona msingi kwa macho. Kumbuka Huruma, Aprili 2016, jengo lilianguka mvua ikinyesha na watu wengi wakapoteza maisha. Bila injinia aliyesajiliwa, idhini ya kaunti na usajili wa NCA (mamlaka ya ujenzi), tafadhali usiongeze hata tofali. Hao ni familia za watu wanalala humo.

Swali (Umoja): Mpangaji ana miezi mitatu hajalipa, naweza kung'oa mlango ama nimkatie stima?

Jibu: Hapana dada, ukifanya hivyo wewe ndo utakuwa na kesi. Mpe notisi ya maandishi, kaa naye chini muandikiane vile atalipa kidogo kidogo, akikataa enda korti upate amri. Kama kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kesi inaenda kwa Rent Restriction Tribunal, baraza la kesi za kodi za nyumba.

Swali (Githurai): Wapangaji wangu wako ndani, natengeneza aje bila kuwafukuza?

Jibu: Fanya moja moja, kila anayehama unaingia hiyo. Kazi ya paipu kubwa waambie wiki moja mbele, wajazie mitungi, na fundi amalize siku hiyohiyo. Na mwenye amekaa na vumbi lako mpunguzie kodi ya mwezi huo kidogo.