Spesa ya chupa ya maji kwa mtoto wa pumu (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Kusi ikianza na mvua zake, swali hurudi lile lile: "Pampu ninayo, nampulizia, mbona haimshiki?" Haimshiki kwa sababu dawa imegonga ulimi na koo ikaishia hapo. Mtoto anayehema hawezi kuoanisha pumzi yake na kidole chako. Anahitaji spesa, chumba cha kati ambamo dawa inamngoja avute kwa mwendo wake. Kama ya duka la dawa imekushinda bei, chupa ya maji inatosha. Cape Town walilipima jambo hili kwa watoto waliobanwa, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999: chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilienda sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha povu ndicho kilichokuwa dhaifu kuliko vyote.

1. Chupa ya nusu lita, safi. Kifuniko tupa.

2. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa.

3. Tundu. Hapa ndipo chupa nyingi huharibika, na zangu za kwanza zimo. Usikate kwa kisu. Kisu kinapasua, tundu linakuwa pana, na dawa inatokea pembeni. Kunja waya wa hanga ufuate umbo la mdomo wa pampu, ndani kidogo ya mstari uliochora. Upashe kwenye jiko la makaa mpaka uwe mwekundu, kisha ubandike kitakoni. Plastiki itayeyuka kwa umbo lile lile. Kabla haijapoa, sukuma pampu iingie kwa kubana.
Tahadhari: toa kwanza mkebe wa dawa, libaki ganda la plastiki la pampu peke yake. Mkebe una gesi, hauletwi karibu na moto. Fanya kazi hii nje, mtoto akiwa mbali, maana moshi wa plastiki wenyewe unambana. Ikipoa, papasa ukingo kwa kidole utoe chembe zote, ugonge chupa na kuisuuza. Chembe iliyobaki ndani itavutwa kifuani.
Kupima: chomeka pampu, ziba shingo ya chupa kwa kiganja, minya chupa. Ukisikia "fsss" kuzunguka pampu, ziba kwa plasta au gundi, ikauke.

4. Osha kwa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Ndani usisuuze tena, wala usipanguse kwa kitambaa. Igeuze ijikaushe yenyewe. Kwa unyevu wetu huu, ipe usiku mzima. Ukipangusa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inanasa ukutani kama vumbi kwenye kioo cha TV. Suuza shingo tu, inayoingia mdomoni. Ikiwa mtoto amebanwa na chupa ni mpya, haijapata muda wa kukauka na sabuni, pulizia humo mara 10 kwanza ili kuta zishibe.

5. Mkalishe wima. Tikisa pampu. Shingo ya chupa ikae kati ya meno, midomo imefunga. Aliye chini ya miaka 3 au 4 anahitaji maski iliyofungwa kwenye shingo, ikamate pua na mdomo bila mwanya. Bonyeza mara MOJA. Avute na kutoa pumzi mara 5 au 6. Tikisa tena, rudia.

Kwa salbutamoli (dawa ya kuokolea iliyo kwenye pampu) ya mikrogramu 100 kwa pulizo, mtoto aliyebanwa vikali: chini ya miaka 5, mapulizo 6, zaidi ya hapo, 4 hadi 10. Rudia kila dakika 20 kwa saa moja, MKIWA NJIANI kwenda hospitali.

Dalili za kuondoka sasa hivi: hawezi kumaliza sentensi au kunyonya, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, analegea kama mwenye usingizi. Na kifua kilichokuwa kikipiga miluzi kikinyamaza ghafla huku bado anahema, msishukuru. Hewa haipiti tena.

MASWALI

Mamake Twalib: Salaam. Ya lita mbili si itabeba dawa nyingi zaidi?
— Nusu lita. Hatua ya 1.

Kijana wa Likoni: Kuokoa muda, nikibonyeza sita kwa mpigo?
— Hatua ya 5, herufi kubwa.

Kijana wa Likoni: Nimeiona. Nauliza sababu.
— Hapo sawa, kaka. Matone yakiwa mengi hugongana, yanaungana, yanakuwa mazito na kutua ukutani. Pia mtoto mdogo anavuta hewa kidogo kwa pumzi moja. Dawa inayongoja sana inazama. Ndiyo maana kila pulizo lina pumzi zake. Mkikwama kwenye foleni ya feri, endelea kila dakika 20, na umpakate wima, usimlaze.

Baba Swaleh: Sisi tuliambiwa pampu humzoesha mtoto. Dawa ya kweli ni nebulaiza.
— Dawa ni ile ile, salbutamoli. Nebulaiza, mashine inayoigeuza kuwa ukungu, ni chombo cha kuifikishia tu. Ina nafasi yake wodini, ikisukumwa na oksijeni lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa mtoto ambaye oksijeni ya damu imeshuka. Mazoea siyo ya kuogopa. Ogopa mtoto anayehitaji pampu ya kuokolea kila siku, maana huyo anahitaji ya kukinga, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa vijia), na hakuna aliyempa.

Bi Mwanaisha: Wangu ana miezi 8. Alianza na mafua, sasa anapiga miluzi. Nimempa kwa spesa na maski, hakuna tofauti. Nimekosea kuziba?
— Huenda hujakosea popote, dada. Umri huo, baada ya mafua, mara nyingi ni bronkiolaitisi: virusi vimevimbisha vijia vidogo na kuvijaza makamasi. Salbutamoli hulegeza msuli, na hapo shida kubwa si msuli. Safisha pua kabla ya kunyonya, mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Akinyonya chini ya nusu ya kawaida au mbavu zikiingia, mpeleke. Wakimpima oksijeni ya damu iko chini ya asilimia 90, atalazwa.

Fundi Bombolulu: Mkebe ukielea majini si umekwisha?
— La. Gesi hubaki dawa ikiwa imeisha. Mwingi una mapulizo 200. Kama hauna kaunta, hesabu na uandike kwa kalamu juu yake.

Bi Mwanaisha: Na udi? Mamangu hufukiza kila Alhamisi jioni.
— Moshi ni moshi, hata wenye harufu nzuri. Afukize mtoto akiwa kwa jirani, madirisha wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo, badilisha kwa chandarua. Na kumfunika shuka juu ya sufuria ya mwarobaini, acha kabisa. Mvuke haufungui vijia vya pumu, na watoto wanaungua.

Mamake Twalib: Sabuni ya unga je?
— Sabuni ya vyombo. Hatua ya 4.