Unarudi Minnesota kwa kazi mpya? Fanya haya kabla hujapakia lori

Wengi wetu hapa Marekani tulianzia Minnesota, Brooklyn Park na Brooklyn Center pande zile, tukasoma huko, kazi ya kwanza huko, halafu tukashuka Dallas na Arlington, Texas, kufuata joto na jimbo lisilokata ushuru wa mshahara. Sasa kuna watu wanapigiwa simu na hospitali za huko juu wanaambiwa nafasi ipo, mama naye yuko huko anazeeka, basi mtu anafurahi anafunga vitu mbio mbio. Furahi, ni haki yako, lakini shika hili moja: wewe unajua unarudi nyumbani, ila kwa makaratasi wewe ni mgeni kama mtu aliyeshuka jana. Leseni, bima, ushuru, hata namba ya gari, yote yanaanza upya, na yakikupata ukiwa umeshaacha kazi Texas utaumia.

Leseni ndio ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inaamua utaanza kazi lini, si wewe na si meneja. Manesi nisikilizeni. Texas iko kwenye ule mkataba wa majimbo, compact wanavyouita, ndio maana ukiwa na leseni ya Texas unaweza kufanya kazi majimbo mengi bila kuomba nyingine. Minnesota imekaa nje ya mkataba huo miaka yote hii, kwa hivyo usidhani leseni yako itakubeba, ingia kwenye tovuti ya bodi ya manesi ya Minnesota uone leo wanasema nini. Kama uliwahi kuwa na leseni ya Minnesota zamani ukaiacha ikalala, uliza kuifufua badala ya kuomba mpya. Kuna alama za vidole, kuna kungoja bodi ya Texas ithibitishe, na hayo mambo hayaendi kwa spidi ya furaha yako. Wenye CNA, wale wasaidizi wa manesi, nao wajue kila jimbo lina daftari lake, lazima uingizwe kwenye la Minnesota. Na madereva wa malori, CDL yako, ile leseni ya kuendesha lori, uibadilishe ndani ya siku 30 tangu uhamie, hiyo ni sheria ya nchi nzima.

Barua ya kuacha kazi usiiandike mpaka ofa iwe kwenye karatasi, imesainiwa, ina mshahara, shifti, tarehe, na kitu gani kinatokea leseni ikichelewa. Hilo la mwisho watu hawaulizi. Uliza waziwazi, tarehe itasogezwa au ofa inakufa?

Kwenye pesa za kuhama hapo ndipo watu wetu wanapigwa. Wakikwambia wanakupa 5,000 za kuhamia, zile pesa tangu 2018 zinahesabiwa kama mshahara, zinakatwa ushuru wa serikali kuu asilimia 22, Social Security na Medicare asilimia 7.65, na Minnesota nayo inachukua 6.25, kwa hivyo mkononi inafika kama 3,200 hivi. Kama lori na mafuta na diposti ya nyumba mpya umevipigia hesabu ya 5,000 nzima utakwama njiani. Waombe waongeze ili baada ya makato ubaki na ile uliyoahidiwa, kuna waajiri wanakubali ukiuliza kabla ya kusaini. Soma pia kile kipande kinachosema ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili unarudisha, na uulize unarudisha kiasi gani, ulichopokea au kile kabla ya makato.

Mshahara wenyewe pia usiulinganishe kwa macho. Texas hukatwi ushuru wa jimbo, Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kupanda mpaka 9.85 kwa wenye pesa nyingi. Dola mbili zaidi kwa saa zinaweza kumezwa zote hapo. Lakini tazama na upande wa pili, shule za Minnesota tangu 2023 zinawapa watoto wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, na mwenye kipato kidogo ana MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kitu ambacho Texas hakipo. Mwenye watoto watatu akipiga hesabu vizuri anaweza kujikuta yuko sawa tu. Ile stub ya mshahara ya mwisho ya Texas iweke, mwaka huo utajaza ushuru wa Minnesota kama mkaazi wa sehemu ya mwaka na mshahara uliopata ukiwa bado unaishi na kufanya kazi Texas hawaugusi, ila uwe na cha kuonyesha.

Nyumba unayotoka, soma mkataba tena leo usiku. Mikataba mingi ya apatimenti Texas inataka notisi ya siku 60, na ukivunja kabla ya muda kuna faini ya kama asilimia 85 ya kodi ya mwezi, na hata ukiilipa bado wanaweza kukudai kodi mpaka apatikane mpangaji mwingine. Nenda ofisini uongee nao mapema. Siku ya kutoka piga video kila chumba, fungua oveni, fungua friji, onyesha kapeti kwenye kona, halafu waachie anwani yako mpya kwa maandishi. Hiyo anwani ni muhimu mno, maana kwa sheria ya Texas mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha diposti yako, lakini kama hujampa anwani kwa maandishi halazimiki kurudisha.

Kama bado hujawa raia, hii usiipite. Mwenye grini kadi, na hata mwenye viza, anatakiwa kuwaambia USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10, ni fomu AR-11, unajaza mtandaoni bure. Kubadilisha anwani posta hakuwafikii wao. Na kama ulikuwa unajiandaa kuomba uraia, lazima uwe umeishi miezi mitatu kwenye jimbo unaloombea, kwa hivyo ukihama leo huwezi kuomba kesho. Nimeona mtu mzima analia kwa sababu barua ya mahojiano ilienda apatimenti ya zamani. Jamani jaza hiyo fomu.

Bima, uliza kazi mpya inaanza kufunika siku gani, kuna zinazongoja mpaka mwezi unaofuata. Katikati hapo una siku 60 za kuamua COBRA, yaani kubaki na bima ya kazi ya zamani ukiilipia mwenyewe, na ukiichukua inarudi nyuma mpaka siku ile bima ilipokatika, kwa hivyo kama mko wazima unaweza kungoja kidogo uone. Wenye watoto, ombeni kadi za chanjo na rekodi za shule kabla ofisi hazijafungwa, Texas wanamaliza mwisho wa Mei wakati Minnesota bado wako darasani mpaka Juni.

Safari yenyewe ni rahisi kuieleza, I-35 inatoka Dallas inapita Oklahoma City, Wichita, Kansas City, Des Moines mpaka Minneapolis, kama maili 950. Usiendeshe usiku kucha na lori kubwa, lala Kansas City. Ile sehemu ya barabara ya kulipia ya Kansas haichukui keshi tangu 2024, inapiga picha namba ya gari, sasa ukiwa na lori la kukodi kampuni itakutumia bili na ada yao juu. Ukiwa na gari lako, TollTag ya Dallas, kile kibandiko cha kulipia barabara, inafanya kazi huko.

Ukihama kati ya Novemba na Machi, gari la Texas halijui baridi. Kabla ya kuvuka Iowa mwaga yale maji ya kuoshea kioo uweke yasiyoganda kwenye baridi, yale ya Texas yanaganda na tanki linapasuka, halafu uko kwenye highway chumvi na matope yamejaa kioo chote huoni mbele. Betri ipimwe pia, tairi nazo uzitazame.

Ukifika ukae kwa dada au kwa rafiki wa kanisani, sawa, ila muulize kwanza mkataba wake unaruhusu mgeni siku ngapi usimletee shida na mwenye nyumba wake, na mpe kitu cha stima na chakula bila kungoja aseme. Omba jina lako liwe kwenye barua au bili yoyote ya hapo, utahitaji ushahidi wa anwani. Leseni ya kuendesha na namba ya gari una siku 60. Na jiandikishe kupata meseji za snow emergency, dharura ya theluji, za mji wako, Minneapolis na St. Paul kila mmoja una sheria zake za upande gani wa barabara uegeshe theluji ikianguka, ukikosea wanavuta gari usiku huo huo na asubuhi una shifti.