Mtoto haongei na ukimwita hageuki: pa kuanzia kupima usonji (autism), na cha kufanya ukiwa bado unasubiri

Mtoto ana miaka miwili hana neno, ukimwita hageuki ila tangazo la tivii likianza tu anakimbia kulitazama, afu mama mkwe anasema mwacheni hata baba yake alichelewa. Sawa alichelewa, we nenda kapime.

Anza na masikio. Wengi wanaruka hapa wakati asiyesikia vizuri naye haitiki jina na haongei. Omba kipimo cha kusikia cha mashine, kuna vinavyofanyika hata mtoto akiwa amelala, usiridhike na kumpigia makofi nyuma ya kichwa afu mkasema anasikia huyu. Na jamani msikimbilie kumkata kimeo au udata (kile kinyama cha chini ya ulimi), mtoto asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu tatizo lake haliko kwenye ulimi.

Akiwa na miezi 16 hadi 30 kuna dodoso linaitwa M-CHAT-R, ni la bure, maswali 20 ya ndiyo au hapana. Hapana inahesabiwa pointi moja, isipokuwa swali la 2, la 5 na la 12, hapo ndiyo ndo pointi, na watu wanakosea sana hapo. Pointi 3 hadi 7 unatakiwa uulizwe maswali ya ziada, 8 kwenda juu anaenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Hilo halisemi mtoto ana usonji, linasema tu aangaliwe vizuri.

Hospitali usitegemee kipimo cha damu au picha ya kichwa itoe jibu, hakuna inayoonyesha usonji (picha wanaweza kuandika kwa sababu nyingine, kama ana degedege). Daktari anamtazama anavyocheza na anavyowasiliana, na anakuuliza historia tangu mimba. Sasa mtoto siku hiyo anaweza kulia mwanzo mwisho, kwa hiyo rekodi video fupi nyumbani, akila, akicheza na wenzake, akiitwa jina, akikasirika. Beba kadi ya kliniki, na kama kuna maneno alikuwa nayo yakapotea yaandike na umri aliokuwa nao.

Foleni ya mtaalamu inaweza kuwa ndefu, na kwa maoni yangu hapa ndo wazazi wanapoteza muda mwingi kuliko kote, wanasubiri karatasi ya majibu ndo waanze wakati mazoezi ya kuwasiliana hayamdhuru mtoto hata ikija kuonekana sio usonji. Weka juisi anapoiona ila haifikii, akikuvuta mkono chuchumaa uso wako uwe usawa wa wake, nyamaza kidogo usubiri, akikutazama au akitoa sauti yoyote sema "juisi" mpe hapo hapo. Usimwambie sema juisi, sema, sema, mana inageuka vita. Akishakuwa na neno moja we mwongezee la pili, "juisi baridi". Wakati wa kuoga imba wimbo anaoupenda ukatishe katikati, uone atafanya nini ili uendelee. Picha za vitu anavyovipenda mfundishe akupe mkononi akitaka kitu, na hapana, picha hazimfanyi awe mvivu wa kuongea.

Therapisti wa kuongea ni wachache, wa okupesheno therapi (wanaomfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kucheza) unaweza kuwapata kirahisi kidogo, wanasomea hospitali ya KCMC Moshi miaka mingi tu. Yeyote utakayempata omba kukaa ndani, mana yeye ana lisaa limoja kwa wiki we unaye siku nzima, akikataa muulize sababu. Hata mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 (vikao 9 vya kikundi, mara 3 wanakuja nyumbani) yanamfundisha mzazi. Anayeahidi kuponya, au anayekuuzia matone ya kusafisha sumu, ondoka, mengine ni dawa ya kung'arishia nguo kabisa.

Kila kikao ondoka na zoezi moja tu la nyumbani, na dada wa kazi naye aonyeshwe, mana mchana yeye ndo anashinda na mtoto.